Bibi Hapana na Ufunguo wa Maabara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya kituo chetu cha utafiti, waheshimiwa wajumbe, viongozi wa dini, waganga na wauguzi, ndugu wageni waalikwa mliopanda kutoka Mombo na mlioshuka kutoka Magamba. Wazee wangu wote, shikamooni.

Mimi ni Sharifu Omari, mkulima wa karoti na msemaji wa familia za wagonjwa wa kifua kikuu. Nimepewa heshima ya kumuaga Daktari Evelina, anayestaafu leo, na kisha kumkabidhi Mwenyekiti ufunguo wa maabara yake. Jukumu la kwanza nalitekeleza kwa furaha.

Asubuhi hii zimemiminika sifa. Nguzo ya sayansi! Mwanamke shupavu! Je, si waheshimiwa hawa hawa waliompachika jina la Bibi Hapana? Akipita sokoni, muuza nyanya humwita: "Bibi Hapana! Leo umeipata dawa?" Naye hujibu bila kununa: "Hapana, mwanangu. Nipimie nyanya, na usiniwekee mbovu chini." Soko zima huangua kicheko, na baadhi ya wajumbe waliofunga tai leo ndio walioshika mbavu.

Na kazi yake ilikuwa ipi? Kuchukua kemikali moja baada ya nyingine, kuikutanisha na vijidudu vya kifua kikuu, na kungoja aone kama vitakufa. Visipokufa, alisema hapana, akachukua nyingine. Vilipokufa, aliuliza swali wasilolipenda wenye haraka: je, haitamuua na mgonjwa? Dawa tunayopulizia nyanya nayo huua wadudu, waheshimiwa. Nani kati yenu atakubali kujaziwa bilauri ainywe?

Lakini ninyi mlitaka ndiyo. Akaja bwana mmoja na kipaza sauti na chupa za kahawia, dawa ya magonjwa yote, kuanzia kifua hadi kukosa mchumba. Huyo hakuwahi kutamka hapana. Bodi ikamkalisha kiti cha mbele, ikampigia makofi.

Binti yangu Sabra amelazwa katika wodi ya hapa kituoni. Kifua chake hakisikii dawa zilizopo. Daktari Evelina alipomtembelea, mtoto aliuliza: "Shikamoo Daktari. Yangu imepatikana?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Bado."

Alipotoka, Sabra akaniambia: "Baba, afadhali huyu. Wengine wote wananiambia nitapona kesho."

Sasa Bodi, katika upana wa hekima yake, imeamua kwamba kwa kuwa dawa haijapatikana, maabara igeuzwe ukumbi wa harusi. Uamuzi uliotukuka! Kemikali ambazo hazijajaribiwa zitupwe, viti vya plastiki vipangwe, na Sabra asikilize muziki wenu kutoka wodini. Hivi hamkujua kwamba kila hapana ya mama huyu ni njia moja ambamo mtafiti ajaye hatapotea tena? Mlidhani alikuwa akihesabu kushindwa? Alikuwa akifyeka msitu, nanyi mmekuja kumpokonya panga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona umeshanyoosha mkono, na mpiga picha yuko tayari. Ufunguo ndio huu. Je, nikupe?

Hapana.

Bwana Hamza, wewe uliyefundishwa kazi na Daktari, simama uje uupokee. Jokofu la kemikali ambazo hazijajaribiwa bado linanguruma.

Daktari Evelina, tunakushukuru. Nanyi nyote mliotega masikio, pamoja na mlionuna, asanteni kwa kunivumilia.