Raba za Kijapani kwenye Tope la Maparoni

Kwichi, kwichi! Abiria wa boti ya kwenda kisiwa cha Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, walizisikia raba kabla ya kumwona Kudra, fundi viatu wa Kibiti, akipita juu ya mbao zilizolowa.

"Za Kijapani, kazi ya mkono!" alijigamba. "Soli haikubandikwa kwa gundi tu. Imepikwa kwa moto pamoja na turubai, kama kiraka cha fundi pancha."

"Mjukuu wangu, tope letu halijui Kijapani," alisema Bi Mwanaamina, mkazi wa kisiwani. "Viatu ulivyonishonea wewe, soli zilibaki humo."

Watu wakaangua kicheko. Kudra akacheka nao, maana ilikuwa kweli. Walipofika, injini ikazimwa. Kudra akashuka bila kuvua raba, tope likamfika magotini. Akauvuta mguu mmoja, kisha wa pili; soli zikatoka nazo, nzima.

"Bibi, nitajifunza kupika soli hivi. Jozi ya kwanza ni yako, na utashuka nayo hapahapa!"