Kanali Chalrosanga na Daraja la Mto Tuidum

Kanali mstaafu Chalrosanga, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kijijini Zawlpuitlang, katika milima ya Wamizo, kaskazini-mashariki mwa India, mtoto wa tatu wa Mzee Hrangkima na Mama Thangbuangi. Nyumbani aliitwa Rosanga, na jina hilo aliliitikia hata alipokuwa na nyota mabegani.

Baada ya shule ya misheni alikwenda kusoma Aizawl, mwendo wa siku nne kwa miguu, mgongoni kikapu cha mchele na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Nyama iliisha siku ya pili. Mama yake alipopata habari alisema, "Huyo apelekwe jeshini, wao ndio wataweza kumlisha!" Mwaka 1962 alijiunga na chuo cha maafisa Dehradun, na tarehe 30 Juni 1964 akawa luteni wa pili.

Tarehe 12 Januari 1968 alifunga ndoa kanisani Lunglei na Bi Ngaihzuali, muuguzi. Mungu aliwajalia watoto wanne. Katika vita vya 1971 na Pakistan alipigwa risasi ya paja akiwavusha majeruhi sita mtoni. Nishani aliyopewa aliificha ndani ya kopo, na mkewe aliigundua miezi mingi baadaye akitafuta majani ya chai.

Alistaafu mwaka 1986. Masika ya mwaka huo huo Mto Tuidum, unaotutenga na hospitali, ulichukua watu watatu wa kwetu, mmoja wao mama mjamzito aliyekuwa akikimbizwa hospitali. Marehemu alisimama kwenye mazishi yao, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Naingia siasa. Nataka daraja."

Mwaka 1989 aligombea ubunge, akahutubia uwanja wa kanisa kana kwamba anakagua gwaride. Bibi Saptluangi, kiko mdomoni, akamkatiza: "We Rosanga! Sisi si askari wako. Kura huombwa, haiamrishwi!" Uwanja mzima ukacheka. Alishindwa kwa kura sitini na moja. Ilimuuma, lakini hakununa. Kwa miaka minne alizunguka vijiji vyote, akikaa jikoni kwa watu, akinywa chai yao na kusikiliza. Mwaka 1993 alishinda.

Mwaka 1996 wakubwa wa chama chake walimwita. Walimpa uwaziri, ila fedha za daraja ziende wilaya nyingine. Aliwajibu, "Bendera kwenye gari la waziri haimvushi mgonjwa mto." Akatoka chamani siku hiyo hiyo. Marafiki walimwambia amejizika mwenyewe. Bi Ngaihzuali alimwambia, "Basi tuanze kutembea. Viatu vyangu viko wapi?" Wakatembea wote wawili. Mwaka 1998, akiwa mgombea binafsi asiye na gari wala chama, alishinda kwa kura 2,317, na vijana wakambeba mabegani kutoka barabara ya Aizawl hadi mlangoni kwake.

Daraja lilifunguliwa tarehe 9 Februari 2002. Umati ulisimama ukingoni, kila mtu akiona haya kutangulia. Marehemu akanyoosha mgongo, akanguruma: "Kikosi! Mbele, tembea!" Watu zaidi ya elfu mbili wakatii, wakivuka kwa kucheka na kulia. Tangu siku ile Tuidum haujachukua mtu.

Mwaka 2017 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alipomwamuru asitoke kitandani, aliuliza, "Huyu ana cheo gani?" Mkewe akajibu, "Leo anakuzidi. Lala!" Akalala. Aliaga dunia nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, familia ikiimba.

Ameacha mjane, Bi Ngaihzuali. Watoto wanne, Zodingliana, Remthangi, Vanlalhruma na Chhuanawmi. Wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wawili. Vitukuu hao wote wawili walizaliwa salama hospitalini, ng'ambo ya mto.

Kanali, kazi umeimaliza. Pumzika sasa, kwa amani ya Bwana.