Fahmi Nasor na Kiini cha Friji la Msuka

Bismillahi. Tunayemsomea hitima leo ni Fahmi Nasor Msellem, mtoto wa Bi Mwanawema. Alizaliwa hapa Msuka, Ijumaa tarehe 9 Mei 1986, naye hakulia mpaka mkunga alipomgeuza. Watu wakasema bubu huyo. Mama yake aliwatazama mmoja mmoja, akawajua.

Alisoma madrasa na skuli hapahapa, sekondari Konde, kisha chuo Dar es Salaam, akatoka na shahada ya kompyuta mwaka 2011. Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akiambiwa mwezi umeandama, hutoka uwanjani akautafute kwa macho yake.

Mwaka 2014 alimuoa Shariffa wa Konde. Bi Mwanawema alimpeleleza mchumba huyo mwezi mzima asimpate na ila, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

Kazi ya Fahmi ilikuwa kujenga kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamka kwanza mashine ikiwashwa, ikaziamrisha nyengine zote. Mwaka 2019 alitengeneza kiini cha friji kubwa la wavuvi wa Msuka. Umeme ukikatika na kurudi, kiini huhesabu kimyakimya dakika chache, mota ipumzike, ndipo kiiwashe. Wavuvi wakanung'unika. Bakar, mwenye samaki wengi kuliko wote, akamwambia, "Friji lako lina usingizi, yakhe. Liamshe!"

Fahmi akakijenga upya. Anayegeuza maandishi ya mtu yawe lugha ya mashine ni programu nyengine, huitwa kompaila, na hupewa amri fupi. O sifuri: fanya kama nilivyoandika. O mbili: punguza, harakisha. Fahmi akampa O mbili, kiini kiamke upesi. Kompaila akakuta kuhesabu kusikozaa kitu, akakufuta. Umeme uliporudi mota ikawaka papo hapo, ikaungua. Samaki wote wakaoza.

Mji ukasema Fahmi kahongwa na wauza barafu. Mama yake akasema friji limeharibiwa kwa husuda, akamtaja kwa jina na jirani mwenye husuda hiyo.

"Si mtu, mama," Fahmi akamwambia. "Amri niliitia miye, na sikutazama kilichofutwa."

"Nani kamruhusu huyo kompaila kufuta kazi ya mtu? Wali ukipaliwa makaa juu ukaachwa ukauke, mjinga ndiye anayesema jikoni hakuna kazi!"

"Hajui wali huyo, mama. Kaona kazi bure."

"Basi weye nyamaza. Sema ni umeme ulioiunguza."

Hakusema umeme. Ijumaa baada ya sala alisimama mbele ya wavuvi, akasema kosa ni lake. Bakar akamjibu, "Mwizi hodari hukiri dogo akaficha kubwa." Mama yake alimnunia Fahmi kwa aibu ile, lakini kinyongo alimwekea Bakar.

Mota mpya ilipofungwa, Fahmi alikirudia kiini, akaitia ile hesabu alama ya kumkataza kompaila asiiguse. Tangu hapo, kila akijenga, alisoma na kile alichokitoa kompaila, mstari kwa mstari. Friji linagandisha mpaka leo. Bakar alisema haliamini, na samaki wake akawalaza mumo humo.

Mwaka jana miguu ilianza kumvimba Fahmi. Hospitali wakasema figo. Bi Mwanawema alitaka kuambiwa figo hizo zilianzia nyumba ya nani. Fahmi alifariki alfajiri ya Jumanne tarehe 18 Februari 2025, akazikwa siku hiyo hiyo. Ameacha mama, mjane Shariffa, na watoto wawili, Raniya na Zubeir.

Jeneza lilipotolewa nje, shehe aliwauliza watu, "Maiti huyu mnamshuhudia vipi?" Bi Mwanawema alikuwa ndani na wanawake, sikio dirishani, akiisaka sauti moja. Wakajibu, "Mwema!" Ya Bakar haikuwamo. Walipoinama kulibeba jeneza, ikatoka peke yake:

"Mkweli. Miye nilimsingizia."

"Sema tena, Bakar," Bi Mwanawema akamwambia kutoka dirishani, "wasikie na wa nyuma."

Akasema tena, kwa sauti kubwa, na wa nyuma wakasikia.

Mola amweke Fahmi pamoja na wakweli, ampumzishe kwa amani. Amin.