Ardith Klingbeil na Bahasha za Ijumaa

Jumanne tarehe 16 Aprili 2019, siku moja baada ya mwisho wa kurejesha fomu za kodi, Ardith Klingbeil atafunga droo ya kaunta namba mbili na kumkabidhi meneja ufunguo. Atakuwa amekitumikia Chama cha Akiba na Mikopo cha Wafanyakazi wa Weller Junction kwa miaka arobaini na mitano. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Alisema mpishi haondoki chungu kikiwa jikoni, na karani haondoki katikati ya msimu wa kodi.

Aliajiriwa Januari 1974 kama kibarua wa miezi mitatu, ashike nafasi ya karani aliyeteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Karani alipona, akarudi, akakuta kabati zote zimepangwa upya na Ardith ameketi kwenye kiti chake akila mkate wa soseji ya maini. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Tukimuuliza siri ya kudumu kazini, hujibu, "Nangoja waniambie kibarua kimeisha."

Wengi wetu tumefunzwa kazi na yeye. Wote tumekunywa kahawa yake, ambayo huichemsha alfajiri na kuiacha juu ya moto hadi saa sita mchana, na katika miaka yote hiyo hakuna meneja aliyethubutu kusema neno. Ana sauti ya kusikika kutoka kaunta hadi maegesho ya magari. Mwanachama akija Februari kuuliza mkopo wa pikipiki ya theluji kwa kutegemea marejesho, ile kodi ya ziada ambayo serikali humrudishia mtu, wakati hayajafika, Ardith humwangalia juu ya miwani na kumuuliza kama kwao wananunua mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Kile kibanda cha karibu na kituo cha mafuta, kinachofunguliwa kila Januari kuwakopesha watu marejesho yao kwa riba ya kutisha, alikipa jina ambalo sasa mji mzima unalitumia: duka la kukuuzia pesa yako mwenyewe. Mwaka 1996 aliibana bodi yetu mpaka ikakubali kutoa mkopo mdogo wa kusubiria marejesho kwa riba ya chini sana. Mwenyekiti wa wakati huo alisema mkopo huo utatufilisi. Haukutufilisi. Yeye mwenyewe aliuomba mwaka uliofuata.

Lakini kama ingebidi kuchagua jambo moja la kuandika kuhusu Ardith, wanachama wangechagua Ijumaa za mwaka 2009. Wakati huo mimi sikuwa nimeajiriwa hapa. Nimesimuliwa na Ardith, na pia na Duane Fetters, fundi wa kuchomelea, ambaye alikuwepo na hachoki kusimulia.

Mji wetu wa Weller Junction unatengeneza karavani, zile nyumba za kukokotwa na gari. Watu wa mbali wakianza kubana matumizi, karavani ndicho kitu cha kwanza wanachoacha kununua, kwa hiyo sisi huumwa kabla ya wengine na hupona baada yao. Kufikia majira ya baridi ya mwaka ule viwanda vitatu vilikuwa vimefungwa. Nusu ya wanachama wetu hawakuwa na kazi, na msimu wa kodi ulikuwa umefika. Ardith alitayarisha meza ya msaada wa bure wa kujaza fomu, kama kila mwaka. Akangoja. Januari ikapita, Februari ikapita, hakuja mtu.

Sababu ilikuwa magari. Hapa kila mtu analijua gari la kila mtu. Ukiegesha pikapu yako mbele ya chama mchana wa siku ya kazi, kabla hujazima injini mji umeshajua kwamba mambo yako yameharibika. Na katika mji huu watu watakwambia habari za upasuaji wao na za talaka ya dada yao, lakini hawatakwambia habari za pesa. Watu walipita mbele ya ofisi yetu bila kupunguza mwendo, wakaenda kukaa nyumbani na barua wasizozifungua.

Ardith alifikiri ni wapi ambapo kila mtu huegesha gari bila kuona haya. Jibu lilikuwa ukumbi wa parokia, siku za Ijumaa za Kwaresima, kwenye mauzo ya samaki wa kukaanga. Wanakwenda Wakatoliki, Walutheri, na wasiosali popote. Alimwomba Padri Gerdes nafasi ya meza moja. Padri alikubali kwa sharti kwamba meza hiyo ikae baada ya samaki na baada ya meza ya keki.

"Wakishajua wanadaiwa kiasi gani, Ardith, hawatanunua hata kipande," alisema.

"Basi wauzie keki kwanza, Padri. Mimi nitawapokea wameshiba."

Ijumaa ya kwanza alikuja bibi mmoja tu, akauliza kama hapo ndipo wanapouza pai ya tufaha. Ijumaa ya pili akaja Duane, sahani ya samaki mkono mmoja, mkono wa pili mfuko wa plastiki wa dukani uliojaa bahasha. Alikuwa amesimamishwa kazi tangu kiangazi. Alikuwa amelipwa posho ya wasio na kazi bila kukatwa kodi, na mtu alikuwa amemwambia kwamba serikali itaidai kodi hiyo yote kwa mkupuo. Ndiyo maana hakuwa amejaza fomu, wala kufungua barua yoyote tangu Krismasi.

"Fungua," Ardith alimwambia.

"Siwezi, Bi Ardith. Nikishika kisu mkono unakufa ganzi."

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Lyle Oberholt, aliyekuwa msimamizi wa Duane kiwandani, mtu mwenye mikono kama majembe. Naye alikuwa na mfuko kama ule, ameukunja ndani ya koti.

"Lyle, mpe Duane mfuko wako. Duane, mpe Lyle wako. Kila mtu afungue za mwenzake."

"Wewe mama una kichaa," Lyle alisema. "Huyu atajua nadaiwa mpaka na daktari wa meno!"

"Lyle, kwa meno hayo, nani asiyejua?" Duane alijibu.

Watu wa meza ya jirani walicheka, na Lyle akacheka, kisha akavuta kiti. Walifungua bahasha kwa visu vya siagi. Ardith aliwaelekeza: karatasi za mshahara huku, za benki huku, za madeni pale, matangazo ya biashara chini ya meza. Wala hawakuhitaji kusoma kwa sauti. Ikawa kwamba barua ya mwenzako haiumi. Unaifungua, unaipanga, unafuata nyingine. Duane alikuta katika mfuko wa Lyle hundi ya bima ambayo Lyle alidhani ni deni. Na Ardith alipomaliza fomu ya Duane, alimwonyesha kwamba kwa kuwa alifanya kazi nusu mwaka, na mshahara wa nusu hiyo ulikatwa kodi kana kwamba angefanya kazi mwaka mzima, na kwa kuwa ana watoto wawili, serikali haikumdai. Yeye ndiye aliyekuwa akiidai serikali. Zaidi ya dola elfu mbili zilikuwa zikimngoja, na alikuwa amezikimbia miezi miwili.

Nimewaza sana kwa nini jambo hilo lilifaa, maana mbinu yenyewe ni ndogo mno. Nadhani hofu ya pesa huishi kwenye bahasha iliyofungwa, na mtu akiwa peke yake nayo huikuza. Ardith hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mambo yatakuwa mazuri. Alimwambia avute kiti.

Ijumaa ya tatu foleni ilifika mlangoni. Duane alirudi kusaidia kufungua bahasha, na kama ilivyo kawaida yake, alirudi na mdomo.

"Bi Ardith, wewe unatufungulia sisi. Zako anafungua nani?"

"Zangu ziko sawa."

"Umezifungua?"

Ardith alivuta mfuko uliofuata. Hapa inabidi kueleza jambo ambalo wafanyakazi wapya hawalijui. Mwaka ule wa 2009 Ardith alikuwa na miaka sitini na miwili na alikuwa anastaafu. Tarehe ilikuwa imepangwa mwisho wa Aprili. Keki ilikuwa imeagizwa. Yeye na mumewe Merle walikuwa wamepanga kwenda kuishi karibu na binti yao, Janelle, huko Oregon, ambaye alikuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza. Na akiba yake yote ya uzeeni ilikuwa kwenye hisa, ambazo bei yake ilikuwa imeporomoka. Taarifa za akiba hiyo zilikuja mwezi wa kumi, zikaja tena Januari, na bahasha zote mbili zilikuwa nyumbani kwake ndani ya kikapu cha mkate, hazijaguswa. Mama aliyewakaripia watu kwa miaka thelathini na mitano kwa kutofungua barua alikuwa hajafungua zake.

"Mama, wewe unaongea tu," Duane alisema, sasa bila mzaha. "Sisi tumevua nguo zote hapa. Wewe umevaa koti."

Ijumaa iliyofuata Ardith alikuja na bahasha mbili. Aliziweka mbele ya Duane mbele ya watu wote, akaketi, akakunja mikono. Duane anasema hapo alitamani angezaliwa bubu. Alifungua ya kwanza, akafungua ya pili. Akasoma mstari wa mwisho, akausoma tena.

"Bi Ardith. Imebaki nusu. Nusu na kidogo."

Merle, aliyekuwa akigawa kachumbari ya kabichi, aliweka kijiko chini. Ardith aliiangalia karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sawa," alisema. "Nilidhani haikubaki kitu. Nina kazi, nina Merle, na nina nusu na kidogo. Samaki wangu wanapoa. Anayefuata!"

Watu waliokuwa wameketi kwenye meza nyingine wakinywa kahawa wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakaenda nje kwenye magari yao. Duane alidhani wanaondoka kwa aibu. Walirudi na mifuko.

Ardith alimwomba meneja afute barua yake ya kuacha kazi. Keki ililiwa hivyo hivyo. Merle alikwenda kuendesha basi la shule. Mjukuu alizaliwa Oregon, na Ardith alimwona kwenye picha kwanza, kisha kwa wiki moja kila kiangazi. Hilo lilimuuma, na hakuficha kwamba linamuuma. Kila siku ya mshahara aliongeza kitu kwenye akiba, mwaka mwingine kidogo sana. Hakuuza hisa zake kwa hofu, ingawa majirani wengi waliuza. Na kila Ijumaa ya pili ya Kwaresima aliiweka bahasha yake mezani, haijafunguliwa, na Duane akaifungua. Miaka ya mwanzo Duane alisoma na kusema tu, "Bado, mama." Ardith naye alisema, "Bado. Anayefuata."

Kwa hiyo kwa miaka kumi sisi na wanachama tulikuwa na mtu kwenye kaunta namba mbili ambaye alijua hali yetu kwa sababu ilikuwa yake pia. Zaidi ya familia mia sita zimejaziwa fomu kwenye ile meza. Parokia tatu za jirani zimeiga. Lyle alinunua meno mapya. Viwanda viwili kati ya vile vitatu vimefunguliwa, na Duane ni msimamizi katika kimoja. Tunazungumzia pesa katika mji huu sasa, kwa sauti ya chini, lakini tunazungumza.

Mwaka huu, Ijumaa ya pili ya Kwaresima, Duane alifungua bahasha kama kawaida, kwa kisu cha siagi. Alisoma mstari wa mwisho na akaanza kukagua kurasa zingine kama mtu anayetafuta kosa. Watu walianza kumzomea aharakishe.

"Duane, sema basi! Samaki wanapoa!"

"Bi Ardith," alisema, "imerudi yote na imezaa. Nenda nyumbani."

Ardith aliomba aone mwenyewe. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko ile ya mwaka 2009. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipoianzisha meza ile, hakusema "anayefuata". Alimwita Merle kutoka jikoni, na Merle alikuja na aproni yake, na wakakaa wote wawili wakaishika ile karatasi huku na huku kama watu wanaosoma wimbo mmoja kanisani. Foleni ilingoja. Hakuna aliyelalamika.

Kwa niaba ya wafanyakazi, bodi na wanachama: Ardith, tunakushukuru kwa kila foleni uliyoisimamia, kwa kila karipio, na zaidi ya yote kwa siku ile uliyokubali kuvua koti mbele yetu. Tumejaribu kupika kahawa kama yako na tumeshindwa, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Meza ya Ijumaa za Kwaresima ijayo itakuwa na Duane na mimi, na tutafungua za watu kama ulivyotufundisha. Wewe nenda kwa Janelle. Mjukuu wako ana miaka kumi, na tunasikia anapenda kubishana. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na miaka mingi ya kubishana naye.

Kibarua kimeisha, mama. Leo tunakwambia rasmi, na tunakwambia kwa upendo.