Fundi Majaliwa na Swichi Iliyomvua Meneja Viatu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Fundi Majaliwa Mohamedi wa karakana yetu ya ushirika hapa Newala anastaafu tarehe 30 Juni 2004. Aliajiriwa mwaka 1971 kuosha matrekta, akapanda hadi fundi mkuu, na muda wote huo hajawahi kukiri kwamba kuna chombo kilichomshinda. Husema tu kwamba yeye na chombo hicho bado hawajazoeana.

Wengi mnamjua kwa ovaroli yenye viraka vingi kuliko kitambaa, na kwa tabia ya kuipa injini pole kabla ya kufungua boneti. Mimi, karani wa stoo, namjua zaidi kwa gari moja dogo jeupe.

Soko huria lilipoleta magari yaliyokwisha kutumika Japani, meneja wetu wa wakati huo, Bwana Benedikto, alinunua moja la petroli lenye kompyuta ndani yake. Ilipofika Juni 1998 likaanza vituko. Ukiachia mafuta, mara injini inanguruma yenyewe, mara inazima katikati ya njia. Mafundi wawili wa Masasi walibadilisha plagi na pampu. Wa tatu aliomba kuku mweusi. Bwana Benedikto akatangaza kwamba gari lisipopona kufikia Ijumaa, karakana inafungwa na magari yote yatatengenezwa Mtwara kwa mtu binafsi. Tulikuwa wafanyakazi wanne, na mwanangu ndiyo kwanza alikuwa kidato cha kwanza. Niliogopa sana.

Kompyuta Fundi Majaliwa hakuwahi kuiona hata pichani, kwa hiyo alianza kwa kuutuhumu mguu wa meneja. Alidai soli za viatu vyake ni nene mno, haziisikii pedali. Akamwamuru aendeshe peku hadi Masasi na kurudi, na viatu nikabidhiwa mimi nivifungie stoo. Wakati wa kurudi, gari likazima Makote. Meneja akashuka kusukuma, tai shingoni, miguu mitupu, na akina mama wa pale wakamzunguka kwa huruma: "Pole baba, umefiwa na nani?"

Alirudi amefura, na vumbi la njano limemjaa hadi kwenye nyusi. Fundi alipoliona akalichota kwa kidole, akalinusa. Vumbi lile lilikuwa salfa tunayopulizia mikorosho. Meneja alikuwa na mazoea ya kukagua mashamba ndani ya gari huku mashine zikipuliza. Fundi kufungua boneti, ndani nako njano tupu. Pembeni ya kilango cha hewa akakuta kiswichi kinachoiarifu kompyuta kama dereva amekanyaga mafuta au ameachia. Akachukua betri za redio ya mkewe, balbu ya tochi na nyaya mbili, akakipima. Pedali ikiachiwa, balbu ilipaswa kuwaka. Haikuwaka.

Akakifungua, akakuta vibati viwili vya ndani vimeliwa na salfa, vyeusi ti. Akavisugua kwa ubavu wa kiberiti, kama alivyozoea kusugua platini za magari ya zamani. Akakirudisha, akakizungusha taratibu mpaka balbu ikawaka, akakaza skrubu na kukivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Ijumaa asubuhi gari liliwaka, likatulia. Bwana Benedikto alilisikiliza dakika tano nzima, kisha akaniomba viatu vyake.

Tangu siku hiyo mashamba yanakaguliwa kwa miguu, na karakana haikufungwa. Mwanangu alimaliza shule. Ndiye aliyeupiga chapa wasifu huu.

Mama Mwanasha, mke wa fundi wetu, utuwie radhi: betri zako hazijarudi tangu 1998. Ile katoni ya betri mpya iliyopo mezani ni yako. Fundi, asante kwa kila kitu. Balbu yako tumeitundika mlangoni, na bado inawaka. Nenda ukaishi kwa afya na raha, na siku ukipita hapa, ingia. Wewe usivue viatu.

Dorika, karani wa stoo