Sidiu Birua, Anayezikwa Katika Njia ya Bwawa

Marehemu Sidiu Birua alizaliwa tarehe 14 Januari 1996 katika kijiji cha Barutola, wilayani Singhbhum, wiki ya sikukuu ya Mage. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati Dobro Birua na mkewe Gurubari, anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya Barutola hadi darasa la nane. Alipenda mpira, na mahali pekee tambarare palikuwa bwawa la taka za mgodi wa urani, likikauka wakati wa kiangazi. Alikuwa kipa. Alikuwa akirudi na vumbi la kijivu hadi kwenye nyusi, nyanya yake anamtania mlangoni: "Karibu, mume wangu! Umezeeka lini?"

"Leo hii, bibi. Nipe wali."

Sote tulicheka.

Mwaka 2015 alipata kibarua cha kuziba nyufa za mabomba yanayopeleka matope ya mgodi bwawani. Tarehe 2 Mei 2019 alimwoa Jano Purty. Kwa heshima ya bibi harusi alisiriba upya sakafu ya chumba, na badala ya udongo akatumia mchanga wa bwawa, kwa kuwa ni laini na haupasuki. Mama yake aliogopa, akaenda kumuuliza Mhandisi Tripathi wa kampuni ya mgodi.

"Mama, huo ni mchanga tu," alijibiwa. "Hata mimi ningelala juu yake."

Sidiu naye alisema, "Mama, wewe huogopa kila kitu: upepo ukivuma unafunga mlango, usipovuma unafunga mlango!"

Sakafu ikabaki. Binti yao Sini alijifunza kutambaa juu yake.

Mwaka 2022 alianza kutokwa damu puani. Daktari wa kampuni alisema damu imeharibika, chanzo hakijulikani, ila si mchanga. Kama hakijulikani, alijuaje kwamba si mchanga? Sidiu alifariki tarehe 9 Machi 2024, akiwa na miaka ishirini na minane.

Juzi Mhandisi alikuja na shada la maua.

"Mama, mzike mjini. Gari tutatoa sisi."

"Shambani kwake pana nini?"

"Bwawa jipya litajengwa pale."

Nyanya akadakia, "Si mchanga tu, baba? Njoo ulale, tukufunike vizuri."

Aliondoka na maua yake.

Kwetu sisi, kabila la Waho, shamba ni la ukoo ambao mawe ya makaburi yake yamo shambani humo, na jiwe likishalazwa halihamishwi. Shamba hili halikuwa na jiwe, ndiyo maana kampuni ilithubutu kulipima na kulipigia vigingi. Leo vijana wamelibeba jiwe kutoka mlimani, na litalazwa katikati kabisa ya vigingi vyao. Atakayefuata kwa ugonjwa huu atazikwa ubavuni mwake. Mama yake ameshachagua mahali pake.

Marehemu ameacha mjane, Jano, binti, Sini, mama, Gurubari, nyanya, Mecho, na dada, Sombari.

Yeye apumzike kwa amani. Wao wa kampuni wasipumzike.