Bibi Mlio na Nyumba Ishirini na Tatu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu wa Idara ya Milio atalivua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliingia kiwandani akiwa na miaka ishirini na sita, wakubwa wa wakati huo wakamwita Dada Mlio. Alipojifungua mapacha akawa Mama Mlio, na wajukuu walipokuja akawa Bibi Mlio, jina analoondoka nalo. Ofisi ya utumishi haikuwahi kumpandisha cheo kwa kasi hiyo, na yeye mwenyewe amewakumbusha mara kadhaa.

Ukisahau kufunga mlango wa friji tunayotengeneza, ule mlio unaokuita mara mbili kwa upole ni kazi yake. Mlio wa pasi iliyopata moto ni wake pia. Ule wa kwanza wa mashine ya kufulia aliutupa, kwa sababu akina mama watatu wa kitengo cha kufungasha waliusikia ukitokea stoo, wakaacha maboksi na kukimbia kumtafuta mtoto anayelia. Waliambiwa hakuna mtoto. Mmoja wao mpaka leo hajakubali.

Kazi yake aliifanyia katika chumba kimya, kile chenye kuta za sponji mwisho wa korido. Waliowahi kufungiwa humo wanajua: baada ya dakika moja unaanza kusikia damu yako ikipita, na baada ya tatu unasikia kope zikigusana. Mkaguzi mmoja alitoka mbio akidai kuna mtu anapumua nyuma yake. Bibi Mlio alimpa maji, akamweleza kwa heshima kwamba aliyekuwa akipumua ni yeye mwenyewe.

Ndipo ilipokuja kengele ya gesi, ile ya ukutani inayolia gesi ya jikoni inapovuja, miaka kumi na miwili iliyopita. Aliipa mlio mwembamba sana, mkali, wa kupenya redio, kikaango na kelele za watoto. Wasikilizaji ishirini na wawili waliingia chumba kimya mmoja mmoja, na kila mmoja alibonyeza kitufe kabla hajakaa sawasawa. Tulipiga makofi. Wengi walikuwa vibarua wa msimu, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Miaka mitano baadaye tulikuwa tunaipima upya kama kawaida. Msikilizaji mmoja aliumwa, Bibi Mlio akaingia badala yake. Mimi, fundi wa mitambo, nilikuwa nje ya kioo na hedifoni masikioni. Sheria yetu ni kwamba msikilizaji habonyezi mpaka asikie, na fundi hasemi kitu mpaka msikilizaji abonyeze. Niliwasha kengele. Alikaa tu, kitufe mkononi, akinitazama. Nikaongeza sauti. Akafuta miwani yake. Nikaongeza tena mpaka nikalazimika kuvua hedifoni, naye akanyanyua nyusi na kunionyesha saa yake, maana yake nangoja nini, chai? Kengele ilikuwa imelia dakika nne. Sijawahi kuogopa kazini kama nilivyoogopa kumwona mtu ametulia hivyo ndani ya kelele ile.

Nilipomwonyesha kipimo cha sauti kupitia kioo alidhani namtania. Alipotoka hakuuliza habari za masikio yake; umri unaposogea, sauti nyembamba ndizo za kwanza kupotea. Aliuliza ni nani hasa wanaowekewa kengele hii, na sote tulijua jibu: watoto huwanunulia wazazi wao wanaoishi peke yao.

Angeweza kunyamaza. Mlio ulikuwa wake, na masikio ndiyo yaliyompa ajira. Badala yake alimwandikia meneja siku hiyo hiyo kwamba kengele haifai, na kwamba yeye hafai tena kuipima, kisha akashuka huduma kwa wateja kuomba mafaili. Katika faili la pongezi alikuta barua ya fundi cherehani mstaafu, aliyesifu ustaarabu wa kengele yetu, maana tangu aletewe na mwanawe haijamsumbua hata siku moja. Katika faili la malalamiko alikuta barua ya mtu aliyetaka kujua tutaizima lini ile ya jirani yake, kwani ilikuwa inalia siku ya tatu. Barua zote mbili zilikuwa za juma lile. Anwani zilipishana namba moja.

Tulifika kwa fundi cherehani huyo mchana. Getini tu niliziba masikio; Bibi Mlio alinitazama usoni, akajua. Mzee alitufungulia akitabasamu, akatuita wanangu. Wakasalimiana, shikamoo, marahaba, nyumbani hawajambo, kwa sauti za chini kabisa, huku kengele ikipiga ukelele juu ya vichwa vyao, na aliyekuwa akiisikia mle ndani ni mimi peke yangu. Harufu ya gesi niliipata mlangoni. Mzee hakuipata, pua yake ilikwishachoka, na siku hiyo alikuwa amefunga madirisha kwa ajili ya vumbi. Alikuwa ameshaingia jikoni kutubandikia chai, kiberiti mkononi, njiti imetoka.

Bibi Mlio hakupiga kelele. Alimshika mkono, akamwambia chai ya leo angependa kuipika yeye, akachukua kiberiti, akafunga mtungi. Nikafungua madirisha. Mzee alipoelezwa alikitazama kile kidude cha ukutani, akauliza kama bado kinalia. Kilikuwa kinalia.

Kengele ya sasa ina sauti nene, ya chini, na haitoki kiwandani mpaka mtu wa miaka sabini na zaidi ameibonyezea kitufe. Fundi cherehani ni msikilizaji wetu namba moja, na hukosoa kila kitu, pamoja na ushonaji wa makoti yetu.

Kengele za mlio wa zamani zilizouzwa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Kwa miaka saba, Jumamosi na likizo zake zote, Bibi Mlio amezifuata kwa kadi za dhamana, na mia tatu themanini na tisa zimerudi. Nyumba ishirini na tatu hazijawahi kujibu barua wala simu. Labda wenyewe wamehama. Hivyo ndivyo tunavyoambiana kantini.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, huku tumeshamchagulia saa ya ukutani, aliomba orodha ya nyumba hizo. Anaanza Jumatatu.

Bibi Mlio, ahsante kwa miaka yako, kwa ukali wako, na kwa siku ile uliyokubali kwamba hukusikia. Tunakutakia afya njema na miguu yenye nguvu, na katika kila nyumba kati ya hizo ishirini na tatu, ukibisha hodi, mtu aitikie.